Mwendo wa Saa Saba

Flaiwili la zamani lilipasuka ukingoni, Jumanne,
makopa ya watu yakiwa bado kinywani mwa mashine.
Tajiri akaleta jingine kutoka Masasi:
sahani nene ya chuma, upana uleule,
kilo themanini kwa kilo themanini,
tulipima ghalani, kwenye mizani ya korosho.
Injini ikakohoa. Ikashika, ikazubaa,
kila pigo la pistoni likasikika mpaka sokoni Kitangari,
na unga ukatoka chenga.

Wateja wakanitazama mimi.
"Si uzito uleule?" akauliza mama,
kaketi juu ya gunia lake kwenye foleni,
maana kuzaa fundi hakumwondoi mtu foleni.

Nikachora sakafuni kwa kidole, juu ya unga uliomwagika.
Lile la zamani, mama, chuma chake kilikaa ukingoni,
katikati mikono minne tu, myembamba.
Hili, chuma kimelala tumboni.
Mizani haioni tofauti. Ekseli inaiona.
Chuma cha mbali kikishaanza kwenda hakisimamishiki upesi,
ndicho kinachoibeba injini kati ya pigo na pigo,
na umbali wake hauhesabiwi mara moja.
Mwalimu Nandonde alitupigia chaki VETA hadi ikavunjika:
zidisha kila umbali kwa wenyewe, jumlisha, gawa, tafuta kipeuo,
utapata umbali mmoja tu.
Kusanya uzito wote, uweke pale kama pete,
gurudumu halitajua kwamba limebadilishwa.
Yeye aliita nusukipenyo cha mzunguko. Sisi tuliita kei.

Mama akawa anachezea kamba ya gunia.
Kisha: "Nipigie ya kwangu."

Ya kwako ipi?

"Ya wanangu. Kwa saa za basi. Wote niliwabeba kwa uzito mmoja."

Sikudhani, Masasi: mbili.
Shaibu, Mtwara mjini: tatu.
Somoe kaolewa Tunduru: sita, barabara ikiwa nzuri.
Mfaume, Dar es Salaam: kumi na nne.
"Na wewe," akasema, "sifuri."
Hakusema kwa ubaya.

Unga ukajaa tarakimu: nne, tisa, thelathini na sita,
na Mfaume peke yake mia moja tisini na sita,
Mfaume ambaye hapigi simu mpaka apate vocha ya mwenzake.
Wastani wa kawaida, nikamwambia, ni saa tano.
Kei yako ni saba.

"Nani anakaa mwendo wa saa saba?"

Hakuna.
Ukipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi,
mwendo wa saa saba unakukuta saa saba mchana, Nangurukuru.
Abiria wanashuka, wanakunywa supu wamesimama,
konda anagonga bodi, anawahimiza.
Pale huna mtoto hata mmoja.
Pale ndipo uzito wako wote ulipo.

Akaitazama ile saba
mpaka mtu mwenye ndoo akaikanyaga.

Usiku, nimebaki na grisi mikononi, nikairudia hesabu.
Sifuri yangu, juu, haikuongeza kitu:
sifuri mara sifuri, Nandonde mwenyewe asingeiandika.
Lakini chini, kwenye kugawa, nimo.
Watano, si wanne.
Nikijitoa, kei inapanda, inakaribia saa nane.
Kwa hiyo kukaa kwangu hapa, bila kwenda popote,
kumemsogeza mama karibu kwa dakika hamsini hivi.
Sijamwambia. Ni dakika ndogo,
na angetaka kujua zinatoka kwa nani.

Alhamisi tulilitoboa lile sahani tumboni,
matundu manne makubwa,
tukafunga pete ya chuma ukingoni kwa bolti kumi na mbili.
Injini ikalia sawasawa, pigo halitambuliki na pigo.
Mama alikuwa wa sita kwenye foleni.
Nilimsagia wa sita.